Ba'mdogo, Mashine ya Kurekodi na Fainali ya Pweza

Jamani kila ukoo una mtu wake wa vifaa vya umeme, na sisi wa kwetu ni ba'mdogo. Tunakaa Ngamiani, Tanga, nyumba ya familia, bibi yupo, ba'mdogo na ma'mdogo na watoto wao wapo, na mimi nimo, na hakuna kitu chenye waya mule ndani ambacho ba'mdogo hajakifungua. Feni ya sebuleni aliifungua eti anaitoa vumbi, alipoirudishia ikawa inazunguka kinyume, ukilala chini yake shuka linapanda juu lenyewe. Pasi inapiga shoti ila ukiishika kwa mkono wa kushoto tu. Redio ya bibi inashika stesheni moja na stesheni yenyewe ni ya Mombasa. Nayasema haya mapema ili mkisikia yaliyotukuta mwaka 2010 msije mkasema tulirogwa.

Mwaka huo, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia, akaingia nyumbani na boksi kalifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, jasho linamtoka, anacheka peke yake. Kuna jamaa wa mitumba ya vifaa kule karibu na bandarini kamuuzia. Bei alomtajia ma'mdogo ilikuwa nyingine, sisi alotutajia ilikuwa nyingine, na nahisi ya kweli ilikuwa ya tatu. Akaliweka mezani, akatuita wote mpaka bibi akatolewa jikoni, akasema, "Hii mnayoiona si deki. Deki inaonyesha tu. Hii inarekodi."

Bibi akaliangalia akauliza, "Inarekodi nini?"

"TV, mama. Chochote kinachopita kwenye TV inakikamata, inakiweka kwenye diski."

"Ili iweje?"

Hapo ba'mdogo akakosa jibu kidogo.

Lakini tuseme ukweli, kile kitu kilikuwa kizuri. Ilikuwa mashine ya kurekodi DVD, kwa macho ni deki ya kawaida ila nyuma ina matundu mengi zaidi, na ndani ina kishikio chake chenyewe cha chaneli. Unachomeka waya wa antena kwenye mashine, halafu waya mwingine unatoka pale unaingia kwenye TV, kwa hiyo TV inaweza kuwa chaneli hii na mashine inarekodi chaneli ile, hakuna anayemuingilia mwenzake. Enzi hizo TV zilikuwa bado za antena hizi za kawaida za juu ya mti, mambo ya ving'amuzi yalitufikia Tanga mwanzoni mwa 2013, Dar ndo walitangulia kuzimiwa tarehe 31 Disemba 2012. Sasa kwenye nyumba ambayo kila jioni bibi anataka tamthilia yake ya Kifilipino na ba'mdogo anataka taarifa ya habari, unaona wenyewe kwa nini mtu alipagawa.

Tatizo kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani. Kinene, chote Kijerumani, picha za vidole vinabonyeza vitufe, basi. Mimi nilikuwa nimemaliza form six nasubiri matokeo, na kwa vile nilisoma fizikia nikateuliwa injinia bila kuombwa. Nikaenda kafe ya intaneti mjini nikatafuta maelekezo ya Kiingereza, nikaprinti kurasa chache za muhimu kwa hela yangu, na ukurasa wa muhimu kuliko wote ni ule wa muda. Maana diski ya kawaida ina gigabaiti 4.7, haiongezeki, ila unaweza kuchagua unaijazaje. Ukiweka XP picha inang'aa ila unapata saa 1 tu. SP saa 2. LP saa 4. EP saa 6 ila hapo picha inakuwa vigae vigae, mtu akikimbia uso unabaki nyuma. Nikamweleza ba'mdogo vizuri kabisa, nikamwandikia na kwenye karatasi nikaibandika pembeni ya mashine kwa selotepu. Hilo naomba lishike kwenye kumbukumbu.

Jaribio la kwanza likawa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ba'mdogo akakataa nisiguse rimoti, akatega mwenyewe. Akaandika 2:00. Nikamwambia ba'mdogo, hii mashine inahesabu ya kizungu, inaanza usiku wa manane inakwenda mpaka 24, akanambia, "Mashine imo ndani ya nyumba yangu, itahesabu ninavyohesabu mimi." Haya. Saa mbili ikafika, mashine kimya, taa haikuwaka, habari zikasomwa zikaisha. Saa nane za usiku watu wamelala fofofo, mashine ikaamka. Ikanguruma, ikafanya kazi yake, ikarekodi nusu saa nzima ya chenga, maana chaneli yenyewe ilishafunga matangazo zamani.

Asubuhi ba'mdogo akakaa akaziangalia zile chenga zote nusu saa. Namuuliza unaangalia nini anasema, "Tulia, huenda zinaanza mbele."

Na diski ilikuwa -R, ile ya kuandika mara moja, ukishaandika umeandika, haifutiki. Akachukua makapeni akaiandika juu HABARI kwa herufi kubwa akaihifadhi kabatini. Ukifungua lile kabati leo utaikuta.

Baada ya hapo akajifunza, na alivyojifunza ikawa balaa lingine. Nilimwambia saa za mchana ongeza sita, saa za usiku ongeza kumi na nane, basi akaanza kuongeza mpaka barabarani. Mtu anamuuliza kikao cha msiba saa ngapi anajibu saa ishirini. Pale barazani kwenye kahawa, barabara ya pili kutoka kwetu, wazee wakampa jina Saa Ishirini, na yeye akalipenda, wallahi, akawa anaitika.

Halafu kulikuwa na umeme. Umeme ukikatika hata dakika moja mashine inasahau saa, inasahau na ulichoitega, unakuta sifuri nne zinapepesa tu. Tamthilia ya bibi ilikosa kurekodiwa kwa sababu hiyo siku tulokwenda kwenye hitma. Ba'mdogo anajieleza, oh mama umeme, oh sijui saa ilijifuta. Bibi akamwambia kibatari chake cha enzi ya mkoloni hakijawahi kusahau saa. Na mambo ya diski siyaelezi sana, dukani wanakupa +R mashine yetu inataka -R, unafika nyumbani inaitema, unarudi unabishana na mwenye duka anakwambia DVD ni DVD.

Sasa njoo kwenye Kombe la Dunia lenyewe. La kwanza Afrika, Tanga yote ina wazimu, vuvuzela mpaka kwa watoto wa chekechea. Ba'mdogo alikuwa Ghana damu. Siku ile ya tarehe 2 Julai Suarez wa Uruguay alipouzuia mpira wa Ghana kwa mikono kwenye mstari, Gyan wetu akapiga penalti ikagonga mwamba, ba'mdogo alitoka nje akakaa na mbuzi. Hakula. Kwa hiyo Uholanzi walipowatoa Uruguay 3-2 kwenye nusu fainali akahamia Uholanzi saa ileile, anasema aliyenipigia adui yangu ni ndugu yangu.

Fainali ikawa Uholanzi na Hispania, Jumapili tarehe 11 Julai, Johannesburg, saa mbili na nusu usiku kwao, kwetu saa tatu na nusu. Na kule Ujerumani kulikuwa na yule pweza, Paul, anayewekewa maboksi mawili yenye bendera, akiingia boksi gani timu hiyo inashinda, na alikuwa hajakosea kombe zima hata mechi moja ya Wajerumani. Akaingia boksi la Hispania. Ba'mdogo alikasirika binafsi. "Mimi mtu wa Tanga," anasema, "nimekula pweza pale Deep Sea tangu sijaota meno, leo pweza anifundishe mpira? Pweza wa kwetu kazi yake inajulikana na watu wazima, na si utabiri." Ma'mdogo akamwambia ashushe sauti kuna watoto.

Na hapo ndo pana kasheshe yenyewe, kwamba Jumapili hiyohiyo kulikuwa na harusi. Ramadhani ilikuwa inaingia Agosti na mnajua watu wa pwani kabla ya mfungo wanavyooza, kila wikiendi harusi mbili tatu. Hii ilikuwa ya mdogo wake ma'mdogo, kule Kigombe, njia ya Pangani, na kulala hukohuko. Ba'mdogo ni mkwe pale. Mkwe hatoroki harusi kwenda kwenye banda la video, hata kama anayecheza ni babu yake. Alijaribu kuumwa mgongo tangu Alhamisi. Ma'mdogo akamkanda na mafuta ya nazi, akamwambia umepona.

Basi tutarekodi. Akatangaza mwenyewe, na mimi nikaona sawa, si ndo kazi ya mashine. Jumapili mchana tukakaa mbele yake, yeye ameshika rimoti, mimi nimeshika makaratasi yangu. Chaneli sawa. Tarehe sawa. Kuanza 21:25, ameongeza kumi na nane mwenyewe, sawa. Tukafika kwenye SP, LP.

Nikamwambia weka LP ba'mdogo, saa nne, tulale usingizi.

Akanitazama. "LP? Fainali ya Kombe la Dunia? Nimuone Sneijder ana vigae usoni? Nakwenda SP." Akahesabu kwa vidole. Dakika tisini za mpira, kumi na tano za mapumziko, hizo mia na tano. Diski ya SP mia na ishirini. "Chenji inabaki."

Binti yake wa form two alikuwa pale mlangoni anakula embe, akauliza, "Wakitoka sare je?"

"Fainali haitoki sare."

"Ya 2006 Italia na Ufaransa si walipiga penalti?"

Mimi nilikaa kimya kabisa. Ba'mdogo naye akafikiri, akasema, "Ile ilikuwa Ulaya, hii ni Afrika," akabonyeza OK. Halafu akamfunika mashine na kile kitambaa cha kufuma cha bibi asipigwe na vumbi, nikakitoa maana ingechemka, akakirudisha, nikakitoa tena tulipokuwa tunatoka. Bibi alibaki nyumbani, magoti yake hayawezi barabara ya Kigombe. Akaachiwa masharti marefu, asiguse mashine, asiguse waya, asiguse swichi ya ukutani, TV aangalie chochote anachotaka maana havihusiani. Bibi anaitikia haya, haya mwanangu, huku anachambua mchele.

Harusi ilikuwa nzuri, pilau nzuri, taarabu mpaka usiku mwingi, hilo tuliache. Ninachokumbuka ni kwamba saa tatu na dakika ishirini na tano kamili ba'mdogo, yupo katikati ya wakwe zake amevaa kanzu na koti, akanyanyua kidole kimoja juu akatabasamu. "Imewaka." Wenzake kuuliza nini imewaka, ndo akawaambia, na pale pale akageuka mfanyabiashara. Kulikuwa na wanaume chungu nzima wa Tanga wamefungiwa kwenye harusi ile wanalia kimoyomoyo. Akawaambia zimeni simu zote, asitafute mtu matokeo, kesho asubuhi nyumbani kwangu mtaiona fainali nzima, picha safi, kiingilio shilingi mia tano, chai ipo. Wakakubali wote. Mmoja akalipa hapohapo.

Jumatatu asubuhi safari ya kurudi sasa. Jamani, jaribuni siku moja kukaa ndani ya daladala la Watanzania asubuhi ya baada ya fainali ya Kombe la Dunia bila kusikia matokeo. Ba'mdogo alitupanga siti za nyuma, akaziba masikio kwa pamba za kwenye pochi ya ma'mdogo, na juu yake akaanza kuvuta uradi kwa sauti ili asisikie. Abiria wakadhani tunatoka kuzika. Wakanyamaza wote kwa heshima! Mzee mmoja akaitikia Aamin, mama mmoja akampa ma'mdogo pole, na ma'mdogo, kwa aibu, akapokea.

Tukashuka Ngamiani, bado hatujajua kitu, tunatembea macho chini. Lakini kwenda kwetu lazima upite baraza ya kahawa. Ba'mdogo akaanza kupiga kelele tangu mbali, "Assalaam alaykum, msiseme!"

"Waalaykum salaam, Saa Ishirini. Tusiseme nini?"

"Chochote! Msiseme chochote!"

Wakatazamana. Mzee wa mwisho kwenye benchi akanywa kahawa yake, akaweka kikombe chini, akasema, "Basi hatusemi, mgosi. Ila pweza yule..."

Ba'mdogo akakimbia. Na kanzu yake na koti lake, mtu mzima, akakimbia mpaka uchochoroni. Na kutoka hapo akawa ana mateso mapya, maana pweza yule nini? Pweza yule kiboko au pweza yule muongo? Alinishika mkono, "Wewe umemsikia, sauti yake ilikuwa ya kusifu au ya kulaumu?" Nikamwambia ilikuwa ya kahawa.

Tukafika. Bibi kabla hajapokea shikamoo kashawekewa kidole mdomoni. "Mama, jana uliangalia mpira?" Bibi akasema tamthilia haikuwepo, kwa hiyo aliangalia alichokikuta. "Usiseme neno." "Mie nimesema nini?" Akarudi kwenye mkeka wake. Mashine ipo salama, taa imezima, umeme haukukatika usiku kucha, diski tukaitoa ikiwa na vumbi la heri. Ba'mdogo aliibusu.

Kukapita kituko kimoja kidogo. Jirani ana TV bapa kubwa, ba'mdogo akaona awapeleke wateja wake kule, kumbe diski ikishamaliza kurekodiwa kuna hatua ya mwisho ya kuiambia mashine iifunge, bila hiyo deki za watu wengine zinaiona tupu. Deki ya jirani ikaiona tupu. Nikamwambia tuirudishe tuifunge, dakika chache tu, akasema watu wanasubiri, basi msafara mzima ukatoka kwa jirani ukarudi kwetu, jirani amenuna na chai yake.

Saa nne na robo hivi tukaanza. Sebule imejaa, wengine dirishani, hela za viingilio zimo kwenye bakuli la udongo juu ya TV. Picha safi, sitaki kusema uongo, ilikuwa safi mpaka unaona nyasi. De Jong wa Uholanzi akampiga Xabi Alonso wa Hispania teke la kifua kwa daruga zote, watu wakaruka. Mwamuzi, Howard Webb, anagawa kadi za njano kama kadi za harusi. Kipindi cha pili Robben wa Uholanzi akabaki yeye na Casillas, kipa wa Hispania, peke yao, ba'mdogo amesimama juu ya stuli, anampa maelekezo Robben, mchinje kulia, kulia, na jambo lenyewe limeshatokea tangu jana usiku, Casillas akautoa kwa mguu. Ba'mdogo akashuka kwenye stuli taratibu akamlaumu bibi kwamba amemhamisha mawazo. Bibi hakuwa amesema kitu. Alikuwa anachambua mchele na kila likikaribia tukio anacheka kidogo puani.

Dakika tisini zikaisha. Sifuri kwa sifuri.

Binti wa form two hakusema kitu ila aliacha kutafuna.

Pale kwenye TV wachezaji wamekaa chini kwenye nyasi, wananyooshwa miguu, wanakunywa maji, makocha wanawazunguka wanawaelekeza, muda wa nyongeza unakaribia kuanza. Ba'mdogo anawaambia watu, "Sasa ndo mpira." Na pale pale skrini ikawa ya bluu, ikaandika jina la diski na kamstari chini kanakoonyesha imejaa.

Hakuna aliyepumua. Ba'mdogo akabonyeza mbele, ikaenda mwanzo, wachezaji wanaingia uwanjani upya. Akabonyeza tena, bluu. Akaitoa diski akaipuliza, akaipangusa na kanzu, akairudisha, bluu. Watu wakaanza kugeuza shingo mmoja mmoja, wengine wanamwangalia ba'mdogo, wengine wanaliangalia lile bakuli la hela. Mimi nilikuwa natazama ile karatasi yangu ya selotepu.

"Kaset," akasema mmoja wa mashemeji kwa sauti ya uchungu. "Mkanda wa zamani wa E-180 ungechukua saa tatu zote."

"Deki ya mikanda ipo stoo," binti akasema. "Nzima."

Ndo bibi akauliza kutoka kwenye mkeka, bila hata kunyanyua macho, "Mbona mmezima? Bado yule kijana hajavua fulana."

Mnaijua ile hali ya watu kumi na kitu kugeuka kwa wakati mmoja? Kiti kilianguka. Ba'mdogo alipiga magoti kabisa. "Mama. Kijana gani?"

Bibi akaweka ungo chini. Akaangalia bakuli. Akasema, "Mlilipa mpira mzima?"

Wakasema ndiyo bibi, mia tano.

"Hiyo nusu saa ilobaki si ya huyu, ni yangu." Akanyoosha mkono, bakuli likaletwa, nani atabisha. Akalipakata. Akajiweka sawa, akafunga kanga vizuri, na akaanza tangu muda wa nyongeza unaanza, hataki kurukishwa hata pasi moja. Mara huyu kaanguka, mara yule kampiga mwenzie kisigino. Kuna mmoja katolewa nje kwa nyekundu, analalamika huku anatoka, bibi akaigiza na mdomo wake. Wanaume wazima wanasikiliza wameshika mashavu. Ba'mdogo anasema mama nenda kwenye goli, bibi anasema goli lina njia yake.

"Basi mpira ukaja huku kulia, yule kijana akawa peke yake. Akaupiga! Nyavuni! Akakimbia huyo pembeni, akavua fulana, ndani ana fulana nyingine nyeupe imeandikwa maandishi."

"Nani mama? Nani?"

"Mie majina yao nayajulia wapi? Yule kijana mwenye upara."

Hapo nyumba ililipuka. Upande wa ba'mdogo wakaanza kuimba, Robben, Robben, maana Robben ni kipara cha kumeremeta. Mmoja akasema hapana inaweza kuwa Sneijder na yeye nywele hana, ila hao wote Waholanzi kwa hiyo haidhuru. Shemeji wa Hispania akapiga kelele, na Iniesta je, Iniesta nywele si zinamkimbia? Wakamrudia bibi. Upara wa vipi bibi, wa mwanzo au wa kumaliza? Bibi akasema upara ni upara. Jezi gani basi, ya chungwa au ya bluu? Na bibi, Mungu anamuona, akatabasamu.

"Jezi ni mia tano nyingine."

Ba'mdogo mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni, na adhana ya adhuhuri ikapiga. Bibi akanyanyuka na bakuli lake, Allahu akbar, akaingia chumbani kuswali akafunga mlango. Wanaume wakatoka kwenda msikitini wanabishana njia nzima kuhusu vipara.

Pale bombani msikitini nilikaa pembeni ya ba'mdogo. Amekunja mikono ya kanzu, ameosha viganja, ametia maji mdomoni anasukutua. Bomba la pili kuna vijana wawili wageni wa mtaa, wanatawadha wanaongea zao. Mmoja akamwambia mwenzie, "Lakini Iniesta yule, dakika ya mia na kumi na sita, mwanaume kweli."

Ba'mdogo akanigeukia na mashavu yamejaa maji. Macho yametoka. Hawezi kutema maana kuna mzee mbele yake, hawezi kusema. Akayameza.

Tuliporudi bibi alikuwa ameshamaliza, amekaa kwenye mkeka na bakuli pembeni, mkono kaunyoosha.

"Sikupi mama, nimeshajua. Iniesta. Hispania moja bila."

"Umejua kafunga nani," bibi akasema. "Na ile fulana ya ndani iliandikwa nini, umejua?"

Ba'mdogo akasimama. Akamwangalia bibi, akaniangalia mimi, na mimi nilikuwa sijui. Akatoa mia tano akaiweka kwenye bakuli.

Bibi akaihakikisha kwanza kwenye mwanga. "Mie najua wapi mwanangu," akasema, "si lugha yangu ile."